Bi Kazija na Shingo ya Mcheza Ng'ombe

Nimekandwa hamamuni Damaski, nimepigwapigwa mgongo na kinyozi wa Bombay, lakini sijapata kuona mtu anayeipenda shingo ya binadamu kama Bi Kazija wa Wawi. Watu wengine wakikuamkia hukutazama usoni. Yeye huanza chini ya sikio, hushuka polepole mpaka begani, kisha ndipo anapouliza habari za nyumbani.

Alizaliwa Kisiwa Panza, binti wa mchinjaji. Sikukuu ya kuchinja ikifika, shingo za mbuzi zilikuwa fungu la wapishi, na Kazija mdogo akishakula nyama yake huzipanga pingili juu ya jamvi. Zilikuwa saba kila mara, kwa beberu mkubwa na kwa mwanambuzi, na mama yake mkubwa, aliyekuwa mkandaji, alimwambia kwamba binadamu naye anazo saba hizo hizo. Pingili ya kwanza ni mfano wa pete. Juu yake kimekaa kichwa, nayo ndiyo inayokiinamisha tunapoitikia ndiyo. Ya pili ina kijino kinachosimama ndani ya pete ile, na kichwa hugeukia hapo kama mlango wa zamani unavyozunguka juu ya kigingi chake. Zilizobaki hufuata nyuma. Mengine aliyajua kwa vidole, kwenye shingo za walio hai.

Niliyasikia haya barazani kwa mumewe, Mzee Mmanga, nilipokuwa mgeni wao mwanzoni mwa mwaka 1960. Bi Kazija alikanda wanawake tu. Maniben, mke wa mwenye duka la nguo Chake Chake, alipomjia na maumivu ya kisogo, Bi Kazija hakumgusa mpaka alipokwenda kumwona anavyokaa kwenye cherehani. Akamwekea mto kitini, akamkanda, na mwanamke yule akaacha kushona ameinama kama anayetafuta sindano chini.

Wanaume walikuwa na mkandaji wao, ila mwezi ule alikuwa Unguja kwa mwanawe. Ndiyo maana Jaribu akaja kwetu. Bi Kazija alimnyonyesha utotoni mama yake alipougua, kwa hiyo alikuwa mwanawe wa ziwa, na mikono yake ilikuwa halali shingoni mwake.

Jaribu alikuwa mcheza ng'ombe. Wapemba, mavuno ya karafuu yakielekea mwisho na jua likawa kali, hutoa dume lililofungwa kamba uwanjani, zumari likalia, na vijana wakalichokoza kwa nguo na kulikwepa. Jumamosi ile mchezo ulikuwa Pujini, na watu wa Wawi hawakuwa na mchezaji mwingine wa kumtegemea.

Aliingia uani ubavuubavu kama kaa.

"Shikamuu, mama."

"Marahaba. Mbona waniamkia hali wautazama ukuta?"

"Nakutazama weye. Shingo ndiyo haitaki."

"Nani kaichezea?"

"Hapana mtu."

"Jaribu."

"Ame, mchumaji mwenzangu. Kanizungusha kichwa kidogo, ikalia, nikaona raha."

"Raha mpaka lini?"

"Mpaka nilipopanda tena mkarafuu."

Wachumaji ndiyo kawaida yao. Kutwa wako juu ya mti, mkono mmoja umevuta tawi, uso umeelekea juu upande ule ule. Wakiteremka huzungushana shingo mpaka zilie, wakidhani wamezinyoosha.

Bi Kazija hakumgusa bado. Alimuuliza kama mikono inakufa ganzi, kama vitu vinamponyoka, kama anaona kizunguzungu. Lau angejibu ndiyo, angempeleka hospitali siku ile ile. Akajibu la.

"Basi mfupa hauna kosa. Nyama ndiyo iliyogoma. Sasa nisikilize. Ng'ombe haombi ruhusa aje upande gani. Usipoweza kuliona bega lako la kushoto, Jumamosi utakaa na miye kwa wanawake uimbe."

"Naye sauti hana," Mzee Mmanga akasema kutoka barazani.

"Mzee, niombee dua badala ya kunicheka."

"Nakuombea. Ndiyo maana sitaki uimbe."

Akalazwa juu ya kitanda cha kamba. Bi Kazija akakaa kichwani pake, akamfunika shingo kwa kitambaa cha moto, kisha akaingiza vidole chini ya kisogo na kutulia. Ukimtazama ungedhani amesinzia. Baadaye akamwekea kiganja shavuni, akasema, "Sukuma kiganja changu kwa shavu. Polepole, kama unayesukuma pazia." Jaribu akasukuma. "Basi, achia. Vuta pumzi." Na alipoachia, kichwa kikageuka kidogo kupita pale kilipokwama, bila kuvutwa. Wakarudia, na kila siku wakarudia tena, naye akakatazwa kupanda mkarafuu.

Alhamisi Jaribu alitangaza kwamba amepona. Akasimama katikati ya ua, akageuka kushoto kwa madaha.

"Umegeuza kifua," Bi Kazija akasema.

"Nimegeuza shingo, mama."

Bi Kazija akaleta vikombe viwili vya maji, akamwekea kimoja juu ya kila bega. "Haya, geuka."

Maji yakammwagikia mpaka kiunoni. Mzee Mmanga alicheka hata kofia ikamwanguka.

"Mwenzio kaoga," akaniambia, "na adhana bado."

Jaribu hakucheka. Alikaa chini akasema taratibu kwamba Pujini wameshasikia, na wanamwita kaa. Bi Kazija akampangusa maji kwa kanga yake. "Kaa yu hai, baba, kwa kuwa hajidanganyi kwamba anaweza kwenda mbele. Lala."

Ijumaa, baada ya sala, vikombe vikarudishwa mabegani. Jaribu akageuka kulia, akarudi, akaenda kushoto kidogo kidogo, macho yakitangulia, mpaka kidevu kikafika juu ya bega. Maji yalitikisika tu. Kisha Bi Kazija akachukua kikombe kimoja akanywa.

Jumamosi Pujini ilijaa. Dume lilikuwa jekundu, pana kifuani, na wenye kamba walilipa nafasi kuliko ilivyo kawaida. Jaribu alilichokoza mbele, akalichokoza kulia. Zumari likapanda. Dume likazunguka ghafla, likaja kutoka kushoto.

Niliona kichwa kikigeuka peke yake, miguu imetulia. Halafu nusu hatua, nguo ikapepea, na pembe zikapita kwenye upepo. Wanawake wa Wawi wakautunga wimbo hapo hapo:

*Jaribu kapata shingo,*
*Ng'ombe tafuta pa kupita.*

Nilijipenyeza mpaka walipokaa, nikamuuliza Bi Kazija amelionaje lile dume.

"Sikuliona. Nilikuwa natazama shingo. Kugeuka yageuka, lakini bega la kulia bado alipandisha. Mwambie kesho aje nimkande."

Nikaenda kumwambia. Alikuwa amebebwa juu kwa juu na Ame na wenzake, vumbi mpaka nywele. Ilibidi nipige kelele ili anisikie: mama amesema kesho uje. Jaribu akatikisa kichwa kukataa, kushoto, kulia, kushoto tena, akicheka, na wakaondoka naye.