Bustanini ya Kwenye Simu

Fundi cherehani wa Matopeni alikuwa mjane mwenye maneno mengi na aibu moja tu: jina la mtaa wake. Dereva mstaafu wa treni, aliyefahamiana naye kwenye foleni ya benki na ambaye sasa alimpigia simu kila jioni, alipomuuliza anakaa wapi, fundi alijibu bila kupepesa macho, "Bustanini." Mzee naye akasema anakaa mtaa wa Lulu. Kwa sauti ile nzito, nani angebisha?

Uongo ule sasa ulihitaji ramani. Fundi akafungua ile ya kwenye simu, akapendekeza jina jipya. Ramani ikataka wakazi wengine wathibitishe. Basi kila mteja aliyefuata nguo yake aliikuta imekunjwa vizuri, chini ya kiwiko cha fundi.

"Toa simu kwanza. Hapa panaitwaje?"

"Si Matopeni, shoga?"

"Basi suruali ya mumeo haijaisha."

Haukupita muda, Matopeni ikafutika kwenye ramani, Bustanini ikakaa mahali pake. Jirani muuza mkaa alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi moja mzee akasema anakuja. Mvua ilikuwa imenyesha vibaya sana. Fundi akavaa gauni jipya, akapanga vikombe, roho juu. Alimtaka yule mzee, hakuna cha kuficha. Tangu mumewe afariki, hakuna mwingine aliyempigia kumuuliza kama amekula.

Simu ikalia.

"Nimefika, lakini kuna mama wa mkaa hapa ananicheka tu. Eti Bustanini ipo kwenye simu, huku ni Matopeni!"

Sauti iliingia kwa simu na kwa dirisha pamoja. Fundi akachungulia. Mzee alikuwa pale nje, kiatu kimoja mguuni, cha pili kimemezwa na tope. Angeweza kumwambia amepotea, arudi alikotoka, na siri ingebaki siri. Moyo ukakataa katakata.

Akafungua mlango.

"Ni Matopeni," alisema, macho chini. "Lile jina nimeliweka mimi. Nilikudanganya, nisamehe."

Mzee akamsogelea, akanong'ona ili muuza mkaa asisikie:

"Wewe walikukubalia vipi? Mimi kule Jalalani kila siku naandika Lulu, wananikatalia."