Mlango Uliotaka Simu

Nilitoka Lodwar nikiwa juu ya magunia ya samaki wakavu. Lori liliharibika kabla ya Kitale, likaharibika tena tukiteremka kuelekea Rongai, na niliposhuka Nakuru nilinuka hadi watu wakanipisha njia. Joto la Lodwar nilikuwa nimelichoka. Sikujua ningekuja kulililia.

Nilipata kazi ya kuingiza ndoo za waridi katika chumba cha baridi, kwenye shamba la maua upande wa Gilgil. Tuliambiwa kila mtu aweke programu ya kampuni kwenye simu yake mwenyewe. Simu ndiyo ilifungua geti, na ndiyo ilifungua chumba cha baridi, kuingia na kutoka. Kitasa cha ndani walikuwa wameking'oa.

Asubuhi moja simu yangu ilitumbukia ndani ya ndoo. Niliitoa imezimika.

"Mtu wa jua, simu imeoga?" mathe mmoja, mama mtu mzima niliyefanya naye kazi, akanicheka. "Nifuate mgongoni. Na supavaisa, huyu msimamizi wetu, asijue."

Ndivyo tulivyosaidiana pale: mwenye simu anafungua, mwenzake anapita nyuma yake. Kengele ya chai ilipolia, alitoka akidhani namfuata. Nilikuwa nimeinama nyuma ya rafu. Nikasikia mlango ukijibana, kisha taa zikazimika. Kwa hesabu ya mfumo, chumba hakikuwa na mtu.

Niligonga mpaka ngumi zikafa ganzi. Feni zilinguruma zikameza sauti yangu. Harufu ya waridi gizani ilikuwa nzito kama ya matanga. Nikaanza kuwaza mchanga wa Lodwar unavyochoma nyayo, na ghafla nikahisi usingizi mtamu unanijia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilijizoa, nikatembea nikipapasa kuta, nikaangukia ndoo, nikaamka tena.

Mathe ndiye aliyetumiminia chai kila siku. Aliona kikombe changu cha bati kimebaki, maziwa yamefanya utando. Lakini wakati wa chai simu zetu hazikufungua chochote mpaka askari wa geti aruhusu. Nikiwa nimebandika sikio mlangoni, nilimsikia mathe akimfokea.

"Fungua, boss!"

"Mathe, mfumo unasema hakuna mtu."

"Mfumo hunywa chai? Kikombe chake si hiki hapa!"

Walinitoa nikitetemeka hadi meno yakagongana. Supavaisa alinitazama, akasema, "Kesho uje na simu inayofanya kazi."

Usiku niliifukia simu kwenye mchele ikauke. Asubuhi ikawaka.

Getini niliielekeza kwenye kisomaji, ikalia, geti likafunguka. Miguu ikakataa. Nilihisi ile baridi ikinipanda magotini, na jua lilikuwa limeshatoka.

"Kuja basi, mtu wa jua!" mathe aliita kutoka ndani.

Nilimpungia mkono, nikageuka kuelekea barabara kuu kutafuta lori la kaskazini. Nyuma yangu geti lilijifunga. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaitoa nikasoma: umeingia kazini, karibu.