Kitambaa cha Ndani

Mume wa fundi cherehani alilazwa hospitali tarehe 3 Machi, na tangu hapo shati lake limepunguzwa mara tatu. Fundi humpima palepale kitandani, pini zikiwa mdomoni, hata sala zake husikika kama mvumo wa nyuki. Hubana mishono, lakini kitambaa kinachozidi hakikati, hukikunja ndani.

“Wifi, kata hicho,” dada wa mgonjwa alimwambia jana. “Kaka yangu amebaki mifupa mitupu.”

Fundi alitema pini kiganjani. “Nimemwomba Mungu amrudishie mwili. Nikikata, si nitakuwa nimemwambia aache?”

Uzi ulipenya tundu la sindano kwa jaribio la nne. Mgonjwa anapasuliwa kesho saa mbili asubuhi, na shati limeshapigwa pasi, mkunjo ukiwa bado ndani.