Siku Tuliyongojea Chafya

Katika wodi yetu ya watoto wachanga hapa Eldoret, watoto hawana majina. Mtoto hufungwa utepe mguuni ulioandikwa kwamba yeye ni mtoto wa fulani, yaani jina la mama yake, na hivyo ndivyo tunavyomwita mpaka siku atakayoruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa miaka mingi niliona huo ni utaratibu mzuri. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ngozi nyembamba hadi unaona mishipa ikipita chini yake, anahitaji joto, maziwa na hewa. Jina lingeweza kungoja.

Mimi ni Mluhya, mtu wa Magharibi mwa Kenya, kule ambako kumpa mgeni chai tupu ni kama kumtukana, na nilihamia mji huu wa baridi nikifuata kazi ya uuguzi. Wenzangu watakwambia nina mdomo. Ni kweli. Mtu akijaribu kuingia kwa watoto bila kunawa mikono namrudisha mlangoni, hata awe askofu. Wengi hudhani muuguzi ni mtu wa kudunga sindano na kutandika vitanda. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yetu ni kukataa, na kukataa kunachosha kuliko kudunga. Nimesajiliwa, nina leseni, na maana yake ni kwamba mtoto akidhurika nikiwa zamu siwezi kusema nilifuata tu walivyotaka wengine.

Msimu mmoja wa mvua tulimpokea binti mdogo kabisa, mtoto wa mama kijana kutoka upande wa Moiben. Kucha zake zilikuwa zimekamilika. Hilo hunishangaza hadi leo: mtu kamili wa kutosha kuwa na kucha, na bado kiganja changu kinamtosha kichwa na mabega. Tatizo lake lilikuwa kusahau kupumua. Watoto wa namna hiyo husahau kweli, kwa sababu ubongo haujazoea kazi. Mashine inalia, muuguzi anakimbia, anamsugua wayo au mgongo, naye anakumbuka. Akikataa kukumbuka, tunamfunika pua na mdomo kwa kifaa cha kusukuma hewa.

Daktari alikuwa amesema wakati umefika mtoto abebwe kifuani mwa mamake, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Tunajua joto la mama na mapigo ya moyo wake humtuliza mtoto, na pumzi yake hupata mwendo. Kazi ya kumfanya mama akubali ilikuwa yangu. Mama akakataa.

“Iache tu kwa mashine, sista,” aliniambia. “Nikiishika nitaizoea.”

Mimba zake za awali zilikuwa zimeharibika, na mmoja aliyefika duniani hakukaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alikamua maziwa yake kwa uaminifu, akayaleta kwenye kikombe, akakiweka juu ya meza na kutazama kando. Mashine ilipolia aligeukia dirishani. Nilimbembeleza, nikamwelimisha, siku moja nikamfokea. Mtoto naye alizidi kusahau. Uzito haukupanda, na midomo yake ikawa inageuka samawati mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nilianza kuogopa kwamba tutampoteza mtoto huku mamake akiwa hatua chache tu kutoka kwake, akitazama mvua.

Alasiri moja saa ya wageni akaja mama mkwe wake. Mwanamke mrefu, sweta juu ya sweta, gambuti zenye matope ya shambani. Nilimvua gambuti, nikamnawisha mikono, naye akanawa bila haraka, mpaka kwenye viwiko, nikampenda kidogo. Kisha nikasikia harufu. Alikuwa amefika kwenye inkubeta, lile sanduku la joto alimolala mtoto, na anafungua fundo kwenye pembe ya leso yake. Nilimdaka mkono hewani.

“Mama! Ni nini hiyo?”

“Ni ugoro kidogo tu,” akasema, kama mtu anayeulizwa kuhusu chumvi. “Ya kumsaidia apige chafya.”

Miaka yote niliyoishi kati ya Wakalenjin, wenyeji wa huku, nilikuwa nimeisikia desturi hiyo, ila sikuwahi kuiona. Mtoto akizaliwa, kina nyanya hutaja majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, marehemu mwenye jina hilo ndiye aliyekuja kumshika, na mtoto huitwa kwalo. Mtoto mzembe husaidiwa na ugoro puani. Kwa mtoto mnono nyumbani sina la kusema. Kwa huyu wetu, chembe moja ingetosha kumfunga pumzi, na nilimwambia hivyo kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni kwa wapishi. Nikamtoa nje na fundo lake. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akakunja mikono, akatangaza kwamba hatoki hospitalini mpaka mtoto apate mtu wake.

Niliporudi ndani nikikuna kichwa kwa hasira, mama wa mtoto alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kuona chozi lake.

“Wale wengine walienda bila jina,” alisema. “Hata usiku nikitaka kuwalilia, sijui niite nani. Huyu akienda hivyo hivyo, sista, mimi sitaweza tena. Afadhali nisimjue.”

Hasira yangu yote ilinywea. Kumbe nilikuwa namhubiria mwanamke huyu faida za joto, naye anangoja mtoto wa kumpa hilo joto. Kwake, yule aliyekuwa ndani ya inkubeta hakuwa mtu bado. Alikuwa mgeni aliyesimama mlangoni, na hakuna aliyemkaribisha kwa jina.

Nilimwendea inchaji wetu, msimamizi wa wodi, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza huku akipanga mirija kwenye trei. “Mtoto yuko mikononi mwako,” akasema. “Ni nini kitamdhuru, na ni nini hakitamdhuru? Tenganisha.” Akaendelea kupanga mirija.

Basi nikatenganisha. Ugoro utamdhuru. Umati utamdhuru. Kumtoa kwenye oksijeni kutamdhuru. Majina ya watu waliokufa, yakitajwa kwa sauti ya chini na mtu aliyenawa mikono, hayawezi kumdhuru mtoto yeyote, awe wa Mkalenjin au wa Mluhya. Nilimpigia daktari simu, akacheka, akasema sawa, mradi mtoto awe kifuani mwa mamake na mimi niwe hapo hapo. Nikatoka kwenda ukumbini na masharti yangu.

Nyanya wa mtoto, yule mama mkwe, alisikiliza yote. Gauni la hospitali, sawa. Kunawa tena, sawa. Yeye peke yake, hakuna shangazi, sawa. Alikwama kwenye ugoro.

“Bila ugoro atapiga chafya aje?”

“Mama,” nikamwambia, “kama hao wazee wenu wanamtaka kweli, si wamtekenye wenyewe?”

Nilidhani nimeharibu. Kisha akaangua kicheko, akanipiga begani, akaniuliza mimi ni wa wapi mwenye ulimi kama huu. Fundo la ugoro alilifunga vizuri, akaliacha kwangu ofisini, na mpaka jioni droo yangu ilininukia kama baraza la wazee.

Tulimkalisha mama kwenye kiti cha kuegemea. Nikamfungua vifungo, nikamtoa mtoto taratibu na mirija yake, nikamlaza katikati ya matiti, kichwa kikielekea upande, nikawafunika wote wawili kwa leso na blanketi. Mama alikubali kwa sababu nyanya alitaka mtoto ashikwe anapoitwa. Mikono yake ilibaki hewani, kama mtu aliyebebeshwa chungu cha moto. Nyanya akainama, akaanza.

Aliita kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi nyumbani kwa watu anaowaheshimu. Jina, kimya. Jina, kimya. Kina mama wengine wodini waligeuka kutazama. Msafishaji aliegemea fagio. Nilisimama na jicho moja kwenye mashine na jingine kwenye kifua kidogo kile, na nilihisi chumba kimejaa watu. Mimi ni Mkristo wa kuokoka, sikutarajia kuandika sentensi hiyo, lakini nilihisi hivyo na siwezi kusema vingine. Watu waliolima Moiben kabla ya mahindi kufika waliitwa mmoja mmoja kuja kumtazama binti huyu asiyejaza kofia yake.

Majina yaliendelea. Nyanya alifika kwa watu wa zamani ambao yeye mwenyewe ilibidi awafikirie kwanza. Nikaona mtoto anachoka. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono kusimamisha mambo, maana hiyo pia ilikuwa kazi yangu, ndipo akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo mno. Uso wote ulikunjamana, ukakunjuka, na mwili ukaruka chini ya leso. Nyanya alirudia jina lile mara moja, polepole, akanyoosha mgongo na kujifuta macho kwa mkono wa gauni letu. Mikono ya mama ikashuka. Ilimshika mtoto pande zote mbili, akainamisha kichwa na kumwambia jina lake utosini, tena na tena, kana kwamba anamfundisha.

Najua kwa nini alipiga chafya. Mirija ya oksijeni hukausha pua na kuwasha, na watoto wetu hupiga chafya kila siku bila kuitwa na yeyote. Ningeweza kukuchorea ubaoni. Nimelijua hilo tangu chuoni, na bado nilishika ukingo wa inkubeta tupu ili nisimame sawa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa upande wa pili wa wodi, natafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mwingine aliyekuwa hali mbaya, na sindano iko tayari ndani ya ngozi. Mashine ikalia nyuma yangu. Nilijua ni yupi kabla ya kugeuka. Mwenzangu alikuwa ametoka kufuata damu maabara. Kuacha sindano ile ni kumpotezea mshipa mtoto huyu, na kutoiacha ni kumwacha yule bila pumzi. Nikaitoa, nikabana kidonda kwa pamba, nikamkabidhi mama yake abane, nikakimbia.

Nikiwa njiani niliisikia sauti ya mama kijana. Alikuwa anamwita mtoto kwa jina lake, kwa ukali, vile mzazi anavyomwita mtoto aliyepotelea kwenye mahindi na giza linaingia. Alikuwa ameingiza mkono chini ya leso, anasugua wayo kama nilivyomwonyesha zile siku nilizodhani hanisikii. Macho yake hayakuwa dirishani. Yalikuwa juu ya uso wa binti yake, na alikuwa anadai ajibiwe.

Nilipofika, mashine ilikuwa imenyamaza. Nikamfunua mtoto, nikaweka kifaa cha kusikiliza kifuani. Moyo unakwenda. Mbavu zinapanda na kushuka, midomo inarudi kuwa myekundu. Nilibaki pale na kifaa cha kusukuma hewa mkononi, nikihema, sina cha kufanya.

Mama hakuinua macho kunitazama.

“Rudi kwa ule mwingine, sista,” akasema. “Huyu niko naye.”