Kompyuta za Chura za Agnetha

Agnetha alikuwa na steshenari ndogo karibu na soko la Ifakara, akiwachapia watu barua kwa kompyuta moja kuukuu. Ilipokufa, alipanda basi hadi Dar es Salaam akarudi na tatu, alizozipata kwa bei ya kutupa kwenye ghala lililokuwa likiondoa mabaki ya bidhaa za watoto. Kila moja ilikuwa kichwa cha chura: kioo ndani ya mdomo, kitufe cha kuwashia kwenye jicho.

"Mradi zinachapa," aliwaambia majirani.

Asubuhi moja aliingia Nkwabi, mfugaji wa kijiji cha Michenga, aliyefiwa na baba yake. Alitaka ratiba ya mazishi ya mchana wa siku hiyo. Agnetha akampa pole, akamvutia kiti, akaanza kuchapa. Joto lilikuwa kali. Alipofika kwenye jina la marehemu, chura akacheka.

Kilikuwa kicheko cha mtoto anayetekenywa, kikajaa chumba kizima. Agnetha alishtuka. Akabonyeza jicho, kikazidi. Alipogeuka, Nkwabi alikuwa amesimama.

"Dada, unamcheka baba yangu?"

"Hapana, kaka! Hata mimi sijawahi kuisikia ikicheka!"

Bryson, fundi wa duka la jirani, alisikia kelele, akaja mbio, akafungua kisogo cha chura. "Zote wamezitengeneza zicheke zikipata joto, mtoto ajue kuzipumzisha," alisema. Kwa majaribio, akakata waya wa spika kwenye chura wa pili. Chura huyo akazima palepale, hakuwaka tena.

Agnetha alishika kichwa. "Kaka, nenda duka jingine. Nimekukosea."

 Nkwabi akavua koti lake, akalifunga kisogoni mwa chura wa kwanza, akalikandamiza kwa mikono miwili.

"Andika," alisema. "Watu wananisubiri."

Agnetha akachapa machozi yakimtoka, huku kicheko kikivuma chini ya koti.

Mchana alifunga duka, akaenda mazishini Michenga, akihofia watu wote wameshaambiwa kuhusu kicheko. Nkwabi alimpokea uani, akampeleka kwa mama yake.

"Shikamoo, mama," Agnetha alisema, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu."

"Ndiye aliyetuandikia ratiba," Nkwabi alisema, akamtafutia nafasi kwenye mkeka.

Wiki iliyofuata Agnetha aliwapeleka wale chura wawili waliobaki wazima kwenye chekechea moja Mang'ula. Watoto walishangilia. Yeye aliondoka bila kungoja wawashwe.