Nililaumu ndovu wa Marungu, kumbe msuli wa moyo ulikuwa umevimba

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, lakini leo mikono inaniwasha. Nina furaha, siwezi kukaa nayo peke yangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mkulima wa pojo, wengine mnaziita ndengu au choroko, huku Marungu, upande wa Voi. Majirani zetu mnawajua: ndovu. Pojo zikikaribia kukomaa, wao hujua kabla yetu.

Msimu mmoja nilishikwa na homa. Kikohozi, viungo kuuma, kulala kutwa. Nikanywa chai ya tangawizi, nikapata nafuu kidogo, nikarudi shambani kabla mwili haujakubali.

Alasiri moja ndovu wakatokea kichakani. Huku kwetu ukisikia debe la jirani linagongwa, unashika lako unakimbia kumsaidia. Nikakimbia, nikagonga, nikapiga kelele mpaka wakaondoka.

Lakini moyo ukabaki unaruka.

Unapiga mara mbili tatu, unakosa moja, halafu unagonga kwa nguvu kama mtu mlangoni. Kesho yake vile vile. Wiki iliyofuata vile vile.

Hapo kila mtu akawa daktari. Jirani yangu Mwakio, ambaye tunapakana shamba, alinitazama mara moja tu.

"Huo ni mshtuko wa ndovu, jirani. Hata marehemu babangu ulimshika. Kunywa maji ya sukari, utaisha wenyewe."

Na mimi nikaamini! Huku kwetu mtu akikosa usingizi, au hata akigombana na mkewe, mshtakiwa wa kwanza ni ndovu. Nikanywa maji ya sukari mpaka nikayachukia.

Kakilima ka kwenda nyumbani nikawa nakapanda kwa kupumzika. Kifua kinauma kwa ndani. Mke wangu, Mama Mghoi, akiniuliza, namjibu kwamba ndovu amenimaliza. Tunacheka. Wakuu, nilikuwa nacheka na kifo.

Siku moja tukipura pojo uani, macho yakaingia giza. Nilipozinduka nimelala juu ya maganda, na Mama Mghoi analia huku ananigombeza.

"Baba Mghoi, ni ndovu gani huyu anakuangusha na hayuko? Amka twende Voi!"

Hospitalini nilimsimulia daktari habari za ndovu, na nilisimulia vizuri kweli. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kabla ya ndovu, ulikuwa mgonjwa?"

"Ni homa tu, daktari."

Akaacha kuandika, akanitazama.

Nikafungwa waya za ECG. Karatasi ikaonyesha mapigo hayana mpangilio. Damu ikaonyesha msuli wa moyo umeumia. Nikapelekwa Mombasa, nikapigwa picha za moyo, jibu likatoka: msuli wa moyo umevimba. Wenyewe wanauita myocarditis.

Daktari wa moyo alinieleza nikaelewa. Moyo ni msuli, na ndani yake mnapita umeme unaouambia lini upige. Virusi kama vya ile homa vinaweza kufika mpaka huko. Msuli ukivimba, umeme unakosa njia sawa, ndipo mapigo yanaruka. Wengi hupona. Lakini kuna ambao mapigo huvurugika mpaka moyo unasimama, hasa mtu akiendelea kukimbia na kubeba mizigo.

"Sasa ndovu je?" nikauliza.

"Ndovu alikufanya ukimbie tu. Moyo ulikuwa unaumwa tayari."

Nikalazwa kwa muda, mashine ikinichunga. Nikatoka na dawa na amri: miezi kadhaa hakuna kukimbia, hakuna mzigo.

Mkulima wa Marungu asikimbie! Pojo zilipokomaa tena, madebe yakalia. Nikainuka. Mwakio akanifokea kutoka kwake, "Wewe kaa hapo! Debe lako nipe mimi!" Nikakaa mlangoni nikalia kwa hasira. Niliogopa kwamba hayo ndiyo maisha yangu, kukaa mlangoni nikitazama wenzangu wakilinda chakula cha watoto wangu.

Juzi nimerudi kliniki. Nilivalishwa kile kifaa kinachorekodi mapigo kutwa kucha. Daktari akatabasamu: mapigo safi, uvimbe umeisha. Nianze kazi polepole.

Nilifurahi, ila kuamini sikuamini. Mpaka jana.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, ndovu akalia karibu sana. Wakuu, nilishtuka! Debe nililoshika likaanguka. Nikaweka mkono kifuani, nikangoja ule mruko.

Moyo ulikuwa unakwenda mbio, lakini pigo kwa pigo, hakuna lililokosekana. Nikapiga kelele za furaha kuliko wote wenye madebe. Mwakio akaja mbio, "Jirani, umeshtuka?"

"Nimeshtuka sana!" nikamwambia, na machozi yananitoka.

Nilichojifunza: mshtuko hauchukui wiki. Ukitoka kwenye homa kisha moyo unaruka, kifua kinauma, pumzi inakata au unazimia, usimtafute wa kumlaumu. Wahi hospitali, na homa yako uitaje hata kama wewe unaiona ndogo.

Haya, nanyi semeni. Huko kwenu, moyo ukiruka mnamlaumu nani? Mimi wangu nimeshamwachilia huru, japo pojo zangu bado anazitaka.