Maua Juu ya Mashini

Maua ya buluu huchipuka yenyewe kila mwaka mlangoni pangu. Nikiyamwagilia, harufu ya udongo uliolowa hunisimamisha mkono.

Vita ilipokaribia mji wetu wa Baraka, mama alifukia mashini yake ya kushona nyuma ya nyumba isije ikaporwa, akapanda juu yake maua kama haya, aliyoyang'oa porini. Kufika saa sita yalikuwa yamenyauka. Askari mmoja akaingia, akayatazama sana.

“Mama, hii maua iko inakufa. Kwetu tunaimwangiaka maji mingi.”

Akachukua ndoo yetu, akaimimina yote, polepole. Niliusikia udongo ukinywa. Vidole vya mama vilinibana bega.

“Aksanti, mutoto yangu,” mama alimwambia.

Askari akanipa ile ndoo tupu.

“Enda ulete ingine.”